Malalamiko Kuhusu Saa na Programu Yenu ya Kupunguza Uzito

Mbagala, Dar es Salaam

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

YAH: HESABU ZA KALORI ZISIZO ZA KWELI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha mwaka. Nilijiunga baada ya daktari wa presha kunitaka nipunguze uzito, na tangazo lenu liliahidi kupima kila kinachoingia na kinachotoka mwilini.

Nianze na kinachoingia. Nilipiga picha sahani ya chipsi mayai kama mnavyoelekeza. Programu ikaandika: kimanda, kalori 190. Viazi vilivyofunikwa na yai haikuviona, wala mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120, na muuza chipsi wa mtaani kwetu hapimi kwa kijiko. Ugali nao mnauita viazi vya kuponda. Dona na sembe kwenu havipo kabisa, halafu mnatangaza kuwa programu imetengenezwa kwa ajili ya Mtanzania!

Kinachotoka ndiyo balaa. Nikisukuma chapati nimekaa kwenye kigoda, saa inanihesabia hatua. Nikipandisha ngazi na ndoo za maji mikono yote miwili, inaniona nimepumzika. Hayo ningeyacheka tu, ila jioni unaingia ujumbe: "Hongera! Umechoma kalori 640, unaweza kuongeza mlo." Hapo ndipo lilipo lalamiko langu. Mnaniruhusu kula kwa hesabu ya kubahatisha, na kliniki mzani unaonyesha nimeongezeka.

Msiniambie hamjui. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kwenye mapigo ya moyo vingi vilifanya vizuri; kwenye kalori, hata kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Nyinyi mnaandika 640 kavukavu, bila hata neno "takriban".

Na chini ya ujumbe huohuo mmebandika tangazo la baga na soda. Aliyepitisha hilo sijui alikuwa anawaza nini.

Nilipopiga simu, kijana wenu, mpole kwa kweli, alinijibu: "Mama, labda hujaifunga saa vizuri."

Naomba mnirudishie fedha za miezi iliyobaki, na msitishe makato ya kujirudia kwenye simu yangu. Ujumbe wa kuongeza mlo uondolewe kwa wateja wote, pamoja na matangazo ya vyakula. Kumbukumbu zangu za uzito na presha zifutwe kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami nipewe uthibitisho wa maandishi. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, barua hii nitaipeleka Tume ya Ushindani.

Saa ipo kwenye boksi lake, pamoja na chaja na risiti. Nielekezeni pa kuirudisha.

Wenu,
Mteja, Mbagala