Kitandani masaa tisa, usingizi matano

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Ujumbe wako niliukuta asubuhi. Nilipoona umeutuma saa tisa kasorobo usiku, hata kabla ya kuusoma nilishajua habari yenyewe. Pole sana. Miezi minne bila lepe la usingizi si mchezo, na hao wanaokwambia "acha mawazo tu" hawajawahi kuhesabu mabati ya paa mpaka adhana.

Mwaka jana mimi nilifanya hivyo hivyo unavyofanya wewe. Nikikesha leo, kesho naingia kitandani saa tatu ili nifidie. Mchana nikipata upenyo, najibwaga kwenye mkeka nyuma ya cherehani. Tabibu wa zahanati akaniambia nishike daftari wiki mbili: nimepanda kitandani saa ngapi, nimepata usingizi lini kwa kukisia, nimeamka lini. Hesabu ilinitia aibu. Kitandani masaa tisa, usingizi matano na nusu. Yaliyobaki ni kugaagaa na kumsumbua shemeji yako.

Ndipo akanipa dawa niliyoiona ya kichaa: punguza kukaa kitandani. Nikawa siingii kabla ya saa tano na nusu usiku, na saa kumi na moja na nusu alfajiri niko wima, usiku uwe umekuwaje. Usingizi, alisema, ni kama njaa: hujikusanya kadiri unavyokaa macho, na ukidokoa mchana, sahani ya usiku humalizi. Tena kitanda ukikizoesha mawazo ya madeni, ukikiona tu madeni yanakuja. Nilidhani kabuni mwenyewe, kumbe mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, na wenzake walishaiandika njia hiyo ya kupunguza kukaa kitandani mwaka 1987.

Wiki ya kwanza niliteseka, sikufichi. Nilisinzia kwenye daladala nikapitiliza kituo mara mbili. (Wewe unaendesha gari, siku hizo usiguse usukani. Na mwenye kifafa asijaribu bila daktari.) Nikilala kama dakika ishirini nikaona usingizi hauji, natoka sebuleni, nachukua ungo, nachambua mchele kwa taa hafifu. Saa ya ukutani niliigeuza uso. Shemeji yako anasema hajawahi kula wali usio na hata kijiwe kama ule. Wiki ya tatu nikaanza kulala fofofo, ndipo nikaruhusiwa kuongeza robo saa, kisha robo nyingine baadaye.

Ile chai yako ya rangi baada ya Isha mwachie mama mkwe. Masaa matano baadaye, kama nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini.

Kinachonitia wasiwasi ni vidonge alivyokupa jirani. Kama ni diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, mwili huvizoea upesi, na kama umeshavitumia wiki kadhaa usiviache ghafla. Mpelekee daktari paketi aione. Mwambie pia lile la dada yako kukusikia ukikoroma mpaka pumzi inakatika. Hilo ni jambo jingine kabisa, wala kuchambua mchele hakutalitibu.

Niandikie umeanza daftari lini, lakini mchana. Usiku simu ilale sebuleni. Wabusu watoto.

Ni mimi shoga yako