Gazeti lihesabu habari zake za mazingira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe pendekezo kuhusu habari za mazingira za mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Moto ulipozuka Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020, magazeti yaliuandika kila kukicha, na ulipozimwa, habari za msitu nazo zikafifia. Ilhali floraidi iliyozidi katika maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia na hata kupindisha mifupa, haina siku ya kuzuka wala ya kuzimwa, hivyo huandikwa kwa nadra. Ndivyo ninavyoona mimi msomaji, na kompyuta inaweza kunithibitisha au kunikanusha.

Zichukuliwe habari za miaka 10 kutoka katika kumbukumbu zenu, programu ihesabu kila mada imetajwa mara ngapi kila mwezi, kisha ichorwe grafu. Kazi hiyo yataka uangalifu. Atakayetafuta neno "mazingira" peke yake atazoa pia marehemu aliyekutwa amekufa "katika mazingira ya kutatanisha" na kiongozi anayesifu "mazingira ya uwekezaji". Tena, kompyuta isiyofundishwa sarufi yetu huona "umeungua", "iliyoungua" na "kuungua" kuwa maneno yasiyohusiana, kwa hiyo sharti yarudishwe kwenye mzizi mmoja kabla ya kuhesabiwa. Si jambo geni: Chuo Kikuu cha Helsinki kimekusanya matini nyingi za Kiswahili, zikiwemo za magazeti, na kuzichambua kisarufi. Lile wingu la maneno, ambamo neno lililotajwa sana huandikwa kwa herufi kubwa, linapendeza ukutani lakini halisemi nani alisema wala lini, mimi ningeliacha.

Kinachonivutia zaidi ni hilo hilo "alisema". Programu ikikusanya majina na vyeo vinavyoandamana nalo katika habari za msitu, tutajua ni mara ngapi msemaji ni mkuu wa wilaya au mhifadhi, na ni mara ngapi ni mkulima wa Marangu au Rombo ambaye mfereji wake umekauka. Naomba matokeo hayo, pamoja na grafu zake, yachapishwe walau mara moja kwa mwaka, hata kama hayatalipendeza gazeti lenyewe.

Msomaji wako,
Moshi