Hiari ya abiria si sawa na hiari ya mwenye chombo

Mhariri,

Assalaam aleikum. Nimeisoma barua ya msomaji wako aliyeandika kuwa hiari ya binadamu ni kiini macho. Anasema ubongo huamua kabla ya mwenyewe kujua, kwamba wataalamu wa Marekani wameshalithibitisha hilo, na kwamba wazee wetu walilijua zamani ndiyo maana wakasema jitihada haiondoi kudura. Akamalizia kuwa kumlaumu mtu kwa alilolitenda ni kumuonea. Sikuona haki barua ile ipite bila ya jawabu, kwa sababu hapa Pemba maneno kama hayo tumeshayasikia mbele ya majeneza.

Nianze na hao wataalamu. Mwaka 1983 Benjamin Libet, mwanasayansi wa San Francisco, alichapisha majaribio ambayo watu walikaa mbele ya saa yenye kidoa cha mwangaza kinachozunguka kwa kasi. Aliwataka wakunje kiganja wakati wowote wapendao, kisha waseme kidoa kilikuwa wapi pale walipohisi kutaka kukikunja. Vichwani walikuwa wamebandikwa vipima umeme wa ubongo. Ikaonekana umeme ule huanza kupanda kiasi cha nusu sekunde kabla ya mkono kwenda, na mtu mwenyewe anasema alihisi kutaka kiasi cha moja ya tano ya sekunde tu kabla. Yaani ubongo umeshaanza na mwenyewe hana habari. Umeme wenyewe haukuwa mgeni, kwani Wajerumani Kornhuber na Deecke walikuwa wameshauandikia mwaka 1965, lakini tangu Libet ndio umekuwa ukitajwa kila mtu anapotaka kuiua hiari.

Hayo ni kweli na simbishii. Ninachombishia ni kuishia hapo. Libet mwenyewe hakusema kuwa hiari haipo. Alishikilia kwamba baina ya kuhisi kutaka na mkono kwenda unabaki muda mdogo ambao mtu anaweza kujizuia. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake nchini Ufaransa wakaonesha kuwa umeme ule si lazima uwe ni uamuzi. Ubongo hupanda na kushuka wenyewe kila wakati, na ukiyapima mapandashuko hayo kwa kurudi nyuma kutoka pale mkono ulipokwenda, ukayajumlisha mara nyingi, utaona kitu kinachofanana na matayarisho. Halafu mwaka 2019 watafiti wengine wakawapa watu kazi ya kuchagua baina ya mashirika ya misaada. Mara nyengine walichagua ovyo tu, kwa sababu yote mawili yangepata fedha sawa, na mara nyengine walichagua kwa kufikiri, kwa kuwa dola 1,000 zingeweza kwenda kwa moja na jengine likakosa. Kwenye kuchagua ovyo umeme wa Libet ulionekana. Kwenye kuchagua kwa kufikiri haukuonekana, au kama ulikuwepo ulikuwa hafifu mno.

Kukunja kiganja bila ya sababu si jambo ambalo mtu ataulizwa, mahakamani wala akhera. Tunaulizwa kwa yale tuliyoyapima: kumwozesha mtoto kabla hajamaliza skuli, kuuza shamba la mikarafuu lenye warithi wengine, kutoa chombo bandarini au kukizuia.

Ama hao wazee wetu, msomaji amewasingizia. Waliosema kwamba mja hana uwezo wowote, ni kama unyoya mbele ya upepo, ni kundi la Jabria la kina Jahm bin Safwan, na maulamaa wa Kisunni wamelikataa. Waliosema kinyume chake, kwamba matendo ya mja hayamo katika kadari, nao wamekataliwa. Lakini inafaa tukumbuke maneno ya hao wa pili yalianzia wapi. Inasimuliwa kuwa Maabad al-Juhani wa Basra alimwendea Hasan al-Basri, mwanachuoni mkubwa wa mji ule, akalalamika juu ya watawala wa zama zile, wanaomwaga damu za watu na kuchukua mali zao kisha wakasema yote hayo ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Hasan akajibu kuwa wamesema uongo. Angalieni ni nani aliyekuwa akiipenda hoja ya kwamba hakuna hiari: si yule anayepigwa mijeledi, ni yule anayeishika.

Madhehebu yetu ya Shafi, pamoja na itikadi ya Ashari tuliyosomeshwa vyuoni, imeshika njia ya kati: Mungu ndiye muumba wa tendo, na mja ndiye anayelichuma, kwa hiyo ndiye anayeulizwa. Maibadhi, ambao wametuachia misikiti na maulamaa visiwani humu, wako karibu sana na kauli hiyo. Sidai kuwa siri yote imefunguka hapo. Lakini Sayyidna Umar alitwachia mfano wa namna ya kuishi nayo. Alipokuwa njiani kwenda Sham, nchi ya Syria na jirani zake, akaambiwa huko kumeingia tauni, hakuuliza kama ameandikiwa kufa. Alishauriana na Muhajirina, kisha na Ansari, kisha na wazee wa Kikureshi, halafu akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza, "Unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?" Akajibu kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Mtu mwenye imani kuliko sisi sote alitaka habari, akataka ushauri, akageuza msafara.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilikuwa imetoka Malindi, Unguja, inakuja kwetu Wete. Haikufika, ilizama upande wa Nungwi. Uwezo wake haukufika watu 700. Tume iliyoundwa na Ali Mohamed Shein, Rais wa Zanzibar wakati ule, ilikuja kueleza kuwa ndani walikuwemo zaidi ya 2,000, na kwamba waliokufa na waliopotea wamepita 1,500. Maiti zilizopatikana ni 203. Nyumba ngapi za Wete, Micheweni na Chake zilisoma hitima bila ya kuzika! Na katika kila hitima ilisemwa kuwa ajali haina kinga, siku yao imefika, tusihoji.

Msomaji wako namuomba alitazame jambo moja la usiku ule. Walikuwepo watu waliofika bandarini, wakauona msongamano, wakakataa kupanda. Meli ni hiyo hiyo na saa ni hiyo hiyo. Kilichomrudisha mtu nyuma ni kuangalia, kupima na kuogopa kitu cha kweli, na hicho ndicho ninachokiita hiari.

Simaanishi hata kidogo kuwa waliopanda walijitakia. Sikukuu ilikuwa imepita siku chache nyuma na watu wanarudi makwao. Tiketi imeshalipiwa, mtoto analia, kesho kuna kazi, na meli nyengine usiku ule huioni. Mwenye nauli ya ndege ya kushuka Chake hakuulizwa swali lile la kupanda au kutopanda. Hiari ya abiria wa daraja la chini ilikuwa nyembamba sana, na aliyeibana ni mwenye uwezo kuliko yeye. Lakini aliyekuwa akihesabu tiketi, aliyejua kiwango cha chombo, aliyekuwa na mamlaka ya kusema haitoki, muda waliokuwa nao haukuwa sehemu ya sekunde. Walikuwa na saa nzima nzima, mchana na jioni, huku watu wanaingia mbele ya macho yao.

Nitajibiwa kuwa hata hao wana malezi yao, tamaa zao, mazoea yao, na wao pia wamesukumwa. Sawa, hakuna anayetenda bila ya sababu. Ila kuna kipimo ninachokiona kinatosha. Tujaalie kuwa jioni ile alisimama pale gatini mkaguzi mwenye uwezo wa kumfunga mtu, na kila mmoja anajua kuwa hahongeki. Je, chombo kingeondoka na idadi ile? Kisingeondoka. Basi wale watu walikuwa na uwezo wa kupima na kubadilika, wakauacha kwa sababu walijua hawataulizwa. Na sisi tukiwaambia kuwa yote ni kudra, tunawahakikishia kuwa hata safari ijayo hawataulizwa. MV Fatih ilizama hapo hapo bandari ya Malindi Mei 2009. MV Skagit ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, mwaka haujatimia tangu Spice Islander.

Kipimo hicho hicho kinanifanya niwakatae na wale wa upande wa pili, wanaokaa barazani wakasema kijana wa unga "kajitakia." Msimamishe askari mbele ya kijana aliyeshikwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, mwili unamvunjika, anatapika, anaharisha, hajalala: askari hamzuii, na kumfunga hakumponyi. Huyo hiari yake imeliwa. Haikuliwa yote, na wala si kwa milele. Lee Robins, mtafiti wa Marekani, aliwafuatilia wanajeshi wa nchi yake waliorudi kutoka Vita vya Vietnam, na karibu mmoja katika kila watano alikuwa amezama katika heroini kule. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, ni asilimia 5 hivi tu ya hao ndio waliorudi kuwa watumwa wake. Mahali palibadilika, wenzao wakabadilika, dawa ikawa haipo karibu, na uwezo wa kukataa ukarudi.

Hapa visiwani tumeliona hilo katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, ambako huduma ya methadoni, dawa ya kuwatibu walioshikwa na heroini, ilianza mwaka 2015. Dawa ile hunywewa mara moja kwa siku, hukaa pale pale ndani ya ubongo heroini inapokaa, na hushikilia siku nzima bila ya arosto na bila ya ulevi kwa aliyepimiwa vyema. Kijana anaamka asubuhi bila ya mwili kumtuma akaibe. Kuanzia hapo anaweza kuulizwa: utafanya kazi gani, utarudi kwa mama yako lini, deni la watu utalilipaje. Kama hiari ingekuwa ni kiini macho, methadoni isingekuwa na kitu cha kumrejeshea. Na kama kila mtu angekuwa nayo sawa sawa, asingeihitaji.

Kwa hiyo namuomba msomaji mwenzangu asituulize kama hiari ipo au haipo, kwani swali hilo linawapa nafasi ya kupumua watu wasiostahiki. Aulize fulani alikuwa nayo kiasi gani, saa ile, mahali pale, na nani aliyempunguzia.

Na kwako wewe, Mhariri, ninalo ombi. Likitokea janga jengine la chombo, Mungu atuepushe, gazeti lako lichapishe siku ile ile uwezo wa chombo, idadi ya waliopanda, na cheo cha aliyeruhusu kiondoke. Taarifa hizo zitangulie rambirambi za wakubwa zinazosema kuwa ni kudra. Inna lillahi tutaisema sisi wenyewe majumbani mwetu, kwa kuwa ni yetu na tunaiamini.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.