Arugula kuwa chungu si kosa la mbegu

Ndugu Mhariri,

Arugula, mboga ya majani inayoliwa mbichi ambayo wengine huiita roketi, sasa inalimwa kwenye bustani nyingi za nyumbani Arusha na Moshi, na malalamiko ni yale yale: imeota vizuri, mara ikarefuka, ikachanua, majani yakawa machungu. Lawama anabebeshwa muuza pembejeo. Naomba nafasi niseme kwamba mara nyingi mbegu haina kosa.

Maelekezo ya paketi nyingi yameandikiwa Ulaya, ambako mchana hurefuka sana wakati wa kiangazi, na urefu huo huichochea arugula kuchanua. Kwetu, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Kinachoiharakisha hapa ni joto, kiu na msongamano.

Msongamano huanzia siku ya kupanda. Mbegu ni ndogo mno, na mkono ukishamwaga haurudishi. Robo kijiko cha chai inatosha mita moja ya mraba. Changanya na kiganja cha mchanga mkavu ndipo usie kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, kina nusu sentimita tu. Huota kwa siku 3 hadi 7. Ikifikisha majani mawili ya kweli, yaani yale yanayofuata mawili ya kwanza ya kuotea, ng'olea miche ibaki sentimita 10 kutoka mche hadi mche. Watu huona huruma kung'olea, na hapo ndipo tuta linapoharibika. Miche iliyong'olewa italiwa, haipotei.

Udongo wetu wa volkano unaifaa. Ongeza debe moja la samadi iliyooza kabisa kwa mita ya mraba. Samadi mbichi usiiweke, wala usimwagilie maji ya mtaro: jani hili huliwa bila kupikwa. Mbolea ya urea nayo iacheni. Majani hunenepa upesi na kulegea, vidukari wakajaa.

Maji ndiyo yanayoamua ladha. Mizizi haiendi mbali, kwa hiyo tuta likikauka leo na kufurikishwa kesho, mmea huona hatari na kukimbilia kuzaa. Wakati wa jua kali upe lita 5 kwa mita ya mraba kila siku, asubuhi. Kwenye baridi ya Juni hadi Agosti, siku moja baada ya nyingine yatosha. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari. Lakini miche ikiwa bado michanga maji yasizidi, kwani kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche shinani, huilaza chini kwa usiku mmoja.

Arusha mjini unaweza kupanda karibu mwaka wote, ila Januari hadi Machi weka neti ya kivuli. Moshi mjini iko chini zaidi na joto lake ni kubwa. Miezi ya baridi ndiyo yenyewe. Wenye vihamba, yaani mashamba ya migomba kuzunguka nyumba, wanaweza kutumia ukingo wa migomba, mradi tuta lipate jua la asubuhi kwa muda wa saa 4 hivi. Kivuli kizito huirefusha na kuidhoofisha.

Matundu madogo yaliyotapakaa kwenye majani ni kazi ya mbawakavu weusi wanaoruka kama viroboto. Funika tuta kwa neti yenye matundu madogo sana siku ile ile ya kupanda. Hata hivyo, pale palipotoka kabichi, chainizi, figili au sukuma wiki neti haitasaidia, kwa kuwa wadudu wameshalala udongoni na utakuwa umewafungia ndani. Hamia tuta jingine. Sumu ya dukani siishauri hata kidogo kwa mboga inayochumwa ndani ya wiki 4 hadi 6 na kuliwa mbichi.

Vuna majani ya nje yakiwa na urefu wa sentimita 8 hadi 10, asubuhi, bila kugusa kitovu cha mmea, nawe utarudia mara mbili au tatu. Shina la maua likishachomoza, kulikata hakurudishi ladha. Dawa ni kupanda mstari mmoja mpya kila baada ya wiki mbili, badala ya kumaliza paketi siku moja.

Ningeomba wauza pembejeo wa mikoa hii miwili waambatanishe na kila paketi karatasi ya Kiswahili yenye nafasi, kiasi cha maji na miezi ya kwetu. Na mwenye tuta zuri aache miche michache iliyochelewa kuchanua, nyuki waihudumie, akusanye maganda yakikauka. Ile iliyowahi kuchanua asiichukulie mbegu.

Mkulima wa bustani,
Arusha