Barua kwa Mwanaidi kuhusu wacheza baleti wa Japani

Tokyo, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta wewe, mama na watoto mkiwa buheri wa afya. Nami huku ni mzima, ingawa baridi ya asubuhi imeanza kuuma. Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na sikutaka kuijibu kwa haraka, kwa sababu swali uliloniuliza, kwamba wachezaji wa baleti wa huku wanalipwaje na wanaishije, halijibiwi kwa kutazama jukwaa peke yake. Uliniambia unalihitaji kwa ajili ya vijana unaowafundisha ngoma pale Bagamoyo, ambao wamechoka kuitwa hotelini kucheza kwa chakula cha jioni na nauli. Kwa hiyo nimekaa na jirani yangu, ambaye ni mchezaji, nikamsikiliza jioni kadhaa, na haya ninayokuandikia yametoka kwake na katika yale niliyoyaona mwenyewe kwa miaka sita ya kuhudhuria maonyesho kila nilipopata nafasi.

Ukipanda treni ya njia mpya ya Keio kutoka Shinjuku, kituo cha kwanza ni Hatsudai, na ngazi za kituo zinakupandisha karibu hadi mlangoni mwa Jumba Jipya la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1997 kwa ajili ya opera, baleti, dansi ya kisasa na tamthilia. Ukumbi wake mkubwa una viti 1,814. Mimi nimezoea kununua tiketi ya bei ya chini kabisa, ya yeni 1,650, ambayo hukuweka juu pembeni, mahali ambapo sehemu ya jukwaa haionekani. Huko juu, hata hivyo, ndiko mtu anakoiona mistari ya wachezaji vizuri kuliko aliyeketi chini kwenye viti vya bei kubwa. Mwezi wa Aprili nilikwenda kuangalia Giselle, baleti ya binti wa kijijini anayefariki kwa uchungu baada ya kugundua kwamba kijana aliyempenda alimficha cheo chake na uchumba wake na mwanamke mwingine. Katika sehemu ya pili mizimu ya mabinti waliokufa kabla ya kuolewa inatoka makaburini, na hapo wanawake waliovaa nguo nyeupe wanapishana wakisonga kwa mguu mmoja, safu hii ikipita katikati ya safu ile, bila bega moja kulitangulia jingine. Okestra inaposhusha sauti unavisikia viatu vyao vikigusa sakafu kwa pamoja, mguso mwepesi kama matone ya kwanza ya mvua juu ya makuti. Nililia, Mwanaidi, kwa ajili ya wale wa safu ya nyuma, kwa kuwa wakati wa mapumziko jirani yangu alikuwa amenitajia ni nani kati yao aliosoma nao tangu utotoni, nani alikwisha kuumia goti, na nani alikuwa amerudi kutoka ng'ambo.

Onyesho hilo liliandaliwa na Yoshida Miyako, ambaye ni mkurugenzi wa sanaa wa Baleti ya Taifa, kundi la jumba hilo, tangu mwaka 2020. Yeye ni mzaliwa wa Tokyo aliyeshinda shindano la vijana la Prix de Lausanne, kule Uswisi, mwaka 1983, akaenda Uingereza kusoma, na akacheza huko kwa zaidi ya miaka 25, kwanza na kundi ambalo baadaye lilihamia Birmingham, kisha tangu mwaka 1995 na Royal Ballet ya London, akiwa katika daraja la juu kabisa. Julai mwaka huu aliwapeleka wachezaji wake London kucheza Giselle hiyohiyo katika Royal Opera House, jumba alilolichezea yeye mwenyewe. Tangu ashike uongozi amekuwa akisisitiza hadharani kwamba mazingira ya kazi ya wachezaji lazima yaboreshwe, na mimi naamini neno hilo linatoka kwa mtu aliyewahi kuishi kwa mshahara wa mchezaji mahali pengine na akaijua tofauti.

Tofauti hiyo chanzo chake ni mlango ambao baleti iliingilia Japani. Ufaransa na Urusi baleti ililelewa na wafalme, na baadaye na serikali. Huku ililelewa na walimu. Eliana Pavlova, mwanamke wa Urusi aliyekimbia mapinduzi ya kwao, alifungua shule Kamakura mwaka 1927, karibu na bahari, na wanafunzi wake ndio waliokuja kufungua shule zao na makundi yao. Agosti 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita, Swan Lake ilichezwa kikamilifu kwa mara ya kwanza nchini katika jumba la Teikoku Gekijo, Tokyo, chini ya usimamizi wa Komaki Masahide, aliyekuwa amerejea kutoka Shanghai alikokuwa akicheza na kundi la Warusi. Kila ninapowaza kwamba watu wa mji uliokuwa magofu, waliokuwa wakihangaika kutafuta mchele, walikwenda kumtazama binti aliyegeuzwa bata maji, naelewa ni kwa nini Wajapani hawaioni baleti kuwa kitu cha kigeni. Baadaye likaja Matsuyama Ballet mwaka 1948, Tokyo Ballet ya sasa mwaka 1964, na K-Ballet ya Kumakawa Tetsuya mwaka 1999. Lakini nchi ilikaa mpaka mwaka 1997 bila kuwa na kundi la taifa, na makundi mengine yote yanajitegemea, mengi yakiwa yameota kutoka katika shule ya mwalimu fulani na familia yake. Serikali husaidia, ila kwa kawaida msaada huo hutolewa kwa onyesho fulani na hauwi mfuko wa kumlipa mchezaji mwezi hadi mwezi.

Kwa hiyo fedha hutoka kwa wanafunzi. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Muziki cha Showa ulikadiria kwamba mwaka 2011 watu wapatao 400,000 walikuwa wakijifunza baleti nchini, katika shule zaidi ya 4,000, na ulipofika mwaka 2021 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu 256,000, kwa sababu watoto wanapungua na kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Hata baada ya kushuka, hiyo ni idadi ambayo nchi chache zinaweza kuifikia. Utaiona shule ya baleti juu ya duka la dawa, nyuma ya kituo cha treni, katika ghorofa ya pili ya nyumba ya kawaida yenye vioo ukutani. Mama hulipa ada ya mwezi, na onyesho la shule linapokaribia hulipa tena ada ya kushiriki, nguo, picha, na mara nyingi sehemu ya gharama ya wachezaji wa kiume wanaokodiwa kuja kuwainua mabinti, kwa kuwa wavulana wanaojifunza ni wachache mno. Nitalisema hili kwa uzito kwa sababu halisemwi vya kutosha: nguzo ya baleti ya Japani ni mikoba ya akina mama.

Jirani yangu ana miaka 31 na yumo katika kundi moja la binafsi ambalo sitalitaja. Asubuhi saa nne huanza darasa la kila siku pamoja na wenzake, wakiwa wameshika ufito ukutani, na baadaye mazoezi mpaka saa tisa au kumi alasiri. Hapo mchezaji wa London angekwenda kukanda miguu na kupumzika, lakini yeye anapanda treni kwenda kufundisha watoto katika shule mbili, na anarudi saa nne usiku. Siku mbili kwa wiki huamka alfajiri kuuza mikate dukani. Mazoezi hayalipwi, kinacholipwa ni onyesho, na maonyesho ya kundi lake kwa mwaka unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mikono miwili. Viatu vyake vya kusimamia ncha za vidole hununua mwenyewe, huvishonea mikanda mwenyewe usiku, na katika onyesho gumu jozi moja inaweza kulainika na kufa kabla pazia halijashuka. Nilimuuliza kazi yake ni ipi, akanijibu bila kusita kwamba yeye ni mchezaji. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba kwenye fomu za benki huandika mwalimu.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni la tiketi. Katika makundi mengi na maonyesho mengi ya huku, mchezaji hukabidhiwa idadi ya tiketi za kuuza, wenyewe wanaiita noruma, na zisipouzika fidia hutoka mfukoni mwake au hukatwa katika ujira wake. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kucheza vizuri kabisa, akapigiwa makofi, na akaenda nyumbani akiwa ametoa kuliko alichopata. Nakumbuka tulivyokuwa tukienda kwenye ngoma na taarabu kule Tanga, mama zetu wakiinuka kwenda kumtuza mwimbaji, noti ikibandikwa kwenye paji la uso, na hakuna aliyefikiri kwamba mwimbaji ndiye angezunguka nyumba kwa nyumba kabla ya shughuli akiomba watu wamnunulie viti vyake. Mara ya kwanza jirani yangu aliponiletea tiketi, aliinama mno, akaomba radhi kwa kunisumbua, na baada ya onyesho akatoka ukumbini haraka, vipodozi vya jukwaani vikiwa bado usoni na jasho halijakauka, kuja kuwashukuru wote waliomnunulia, mmoja baada ya mwingine. Niliona aibu kushukuriwa. Nilikuwa nimepewa saa mbili za uzuri, na aliyenipa ndiye aliyekuwa akiinama.

Ndiyo maana wengi huondoka. Vijana wa Kijapani hushinda Lausanne mara kwa mara. Kumakawa alishinda dhahabu mwaka 1989, mwaka ambao fainali ililetwa hapahapa Tokyo, na Sugai Madoka alikuwa wa kwanza mwaka 2012. Ukitazama orodha ya wachezaji wa juu wa Royal Ballet utawakuta Takada Akane, Hirano Ryoichi na Kaneko Fumi. Watu hapa husema kwa fahari kwamba Japani inaipa dunia wachezaji, na mimi nashiriki fahari hiyo, lakini jirani yangu huniambia kwamba darasani kwao, walipokuwa na miaka 16, kwenda ng'ambo kulizungumzwa kama njia ya kupata mshahara na bima kabla hata ya kuzungumzwa kama njia ya kupata sifa. Yeye alikwenda Ulaya miaka miwili, mkataba wake haukuongezwa, akarudi.

Sitaki uone giza tupu, kwani yapo mabadiliko, na haya ndiyo nadhani yatakufaa zaidi. Tangu Aprili 2021 wasanii wa jukwaani wanaojitegemea wanaweza kujiunga kwa hiari na bima ya serikali ya ajali kazini, ambayo zamani ilikuwa ya walioajiriwa tu. Mchango wanalipa wenyewe, na hilo silipendi, lakini anayevunjika kifundo cha mguu mazoezini ana mahali pa kwenda. Kisha tarehe 1 Novemba 2024 ilianza kutumika sheria ya kuwalinda wafanyakazi wanaojitegemea, inayomtaka anayetoa kazi aandike masharti yake, yaani kazi gani, malipo kiasi gani na lini, na alipe ndani ya siku 60 baada ya kuipokea kazi. Jirani yangu alinionyesha karatasi ya kwanza ya namna hiyo aliyopewa, ya kucheza kama mgeni katika onyesho la shule moja. Ameihifadhi katika mfuko wa plastiki. Katika miaka 12 ya kazi, mambo yote kabla ya hapo yalikuwa ya mdomo na heshima, na katika nchi ambayo kumuuliza mwalimu wako habari za fedha ni utovu wa adabu, heshima ilikuwa ikimgharimu mdogo siku zote.

Katika kipindi cha korona nililiona pia jambo ambalo nisingependa lisahaulike. Mei 2021, kumbi zilipofungwa, Baleti ya Taifa iliicheza Coppélia katika ukumbi usio na mtu hata mmoja na kuirusha bure kwenye intaneti, kwa siku nne, kila siku na wachezaji wakuu wengine. Mwisho wa kila onyesho waliinama mbele ya viti vitupu, kimya kimetanda, na mimi nikiwa chumbani kwangu nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Sasa ni msimu wa Nutcracker, ile hadithi ya mwanasesere wa kubangulia njugu, ambayo huku huchezwa na karibu kila kundi na shule mwezi wa Desemba, kwa kuwa ndiyo inayojaza viti. Kule Hatsudai wataicheza kwa uandaaji mpya wa Will Tuckett kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Januari, na jirani yangu ataicheza katika kundi lake, akiwa chembe ya theluji katika sehemu ya kwanza na ua katika sehemu ya pili. Safari hii nimemwomba aniachie tiketi kumi nikawauzie wenzangu kazini, na saba zimekwisha kuuzika. Nitakutumia kijitabu cha onyesho pamoja na nakala ya ile karatasi ya mkataba, akiniruhusu, nikiwa nimekutafsiria kila kipengele, ili wewe na vijana wako muone kama kuna kinachofaa kuombwa hotelini.

Naye ana swali kwako, na ameniomba nilifikishe kama alivyolisema. Anataka kujua, kwenu Bagamoyo, mchezaji akiumia mguu katikati ya msimu, ni nani anayemlisha mpaka apone, na je, nafasi yake kwenye kundi huwa bado ipo? Nijibu kwa urefu, nitamsomea.

Nisalimie mama, na umwambie barua yake na picha za harusi nimezipata.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Saumu