Barua ya malalamiko: mafaili ghafi ya skana mliyoyaita giza

Studio ya Picha,
Ujiji, Kigoma.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PROGRAMU YENU YA KUTAZAMIA PICHA KUSHINDWA KUONYESHA MAFAILI GHAFI YA SKANA YA FILAMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hamjambo na biashara inaendelea. Mimi sijambo kwa afya tu.

Skana na programu mliniuzia pamoja, kwa risiti moja. Masharti ya udhamini mmeyaandika wenyewe, sina haja ya kuwasomea. Kwenye boksi la programu pameandikwa kwamba inafungua mafaili ghafi. Mafaili ghafi ya skana hiyohiyo mliyoniuzia haiyafungui. Folda nzima inajaa vibao vyeusi, vingine vya rangi ya chungwa iliyokolea, na vingine vinaonekana vitupu kabisa.

Mafaili ni mazima. Nikiyafungua kwa ile programu nyingine, ya skana yenyewe, kila kitu kipo: harusi za Ujiji, wavuvi wa Kibirizi, abiria na mizigo yao wakisubiri kupanda meli ya Liemba. Ni negativu za rangi, yaani filamu ambazo mwanga na rangi viko kinyume, za marehemu baba yangu, na zimeanza kuota kuvu. Lakini programu ya skana inafungua picha mojamoja. Mwenye maboksi ya negativu anahitaji kuona folda yote kwa mara moja, achague, apange, mteja akija kuulizia picha ya harusi ya wazazi wake ipatikane. Hiyo ndiyo kazi niliyowalipa.

Sasa kuhusu kaunta yenu. Nilipanda treni kutoka mwisho wa reli hadi kwenu nikiwa na diski mkobani. Fundi wenu, kijana, akafungua folda, akaegemea kiti, akacheka. Akageuza kioo cha kompyuta ili wateja waliokuwa kwenye foleni waone. "Bi mkubwa, umeskani giza." Watu wakacheka. Akaniambia niende nikapige upya. Nikamwambia waliopigwa picha wengi ni marehemu. Akasema, "Basi pole," akaita mteja mwingine.

Kwa kuwa fundi hajui, acha mwenye studio wa Ujiji amfundishe. Faili ghafi la skana linahifadhi kile sensa ilichopima, bila kukirekebisha kulingana na jicho la binadamu linavyoona mwanga. Kompyuta ikikionyesha hivyohivyo, picha inatoka nyeusi. Giza hilo ni la programu isiyofanya hesabu yake. Negativu nayo inabaki negativu mpaka igeuzwe, na filamu ya rangi ina utando wake wa chungwa ambao kila aliyewahi kusafisha picha anaufahamu. Tena haya si kama mafaili ya kamera. Faili ghafi la kamera nyingi lina rangi moja kwa kila pikseli, na programu ndiyo inayokisia nyingine mbili. La skana yangu lina rangi zote tatu kwa kila pikseli, pamoja na chaneli ya nne ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya kutambua vumbi na mikwaruzo. Programu yenu ikiikuta hiyo ya nne inadhani ni sehemu za picha zinazotakiwa kupitisha mwanga kama kioo, inaificha picha. Hayo tu.

Na kabla sijasafiri niliwaandikia. Mkanijibu kwa mstari mmoja: nihifadhi zote upya kwa JPEG. Fremu moja ya milimita 24 kwa 36 kwa nukta 4000 kwa inchi ni pikseli zaidi ya milioni 21. Kwa biti 16 na chaneli zote nne, faili linafika megabaiti 170 hivi. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 kwa kila rangi, ghafi ina 65,536. Yaani kampuni iliyoniuzia skana inanishauri nitupe kile ambacho skana imenunuliwa kukipata! Liemba ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Ninyi faili tu limewashinda kuibua.

Narudi kwenye ile kaunta, maana hapo sikusema yote. Yule kijana hakugusa hata kitufe cha kuongeza mwanga. Negativu yenyewe nilikuwa nayo kwenye bahasha. Niliitoa, nikaiinua kuelekea dirishani ili aone kwa macho yake kwamba kuna mtu pale. Hakuangalia. Kibao alichokuwa anawaonyesha watu huku anacheka ni mama yangu mzazi, amesimama stesheni ya Kigoma na khanga yake begani. "Bi mkubwa, umeskani giza." Mbele za watu. Mama mmoja nyuma yangu ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, si uangalie kwanza?" Mteja ana adabu kuliko mfanyakazi wenu.

Nilikaa kuandika nikiwa na ombi moja: toleo la programu linalosoma mafaili haya, linalogeuza negativu na kuiacha chaneli ya nne, au pesa ya programu irudi. Sasa hilo halitoshi. Nataka pesa ya programu na ya skana, kwa sababu mliniuzia kwa maneno kwamba vinafanya kazi pamoja. Nataka nauli yangu ya kwenda na kurudi. Nataka barua ya kuomba radhi yenye saini ya yule kijana na yako wewe meneja.

Nawapa siku 14. Hapana, 14 ni nyingi kwa watu walioweza kunijibu kwa mstari mmoja. Nawapa siku 7. Zikipita, barua hii, risiti na picha ya maandishi ya kwenye boksi vinakwenda Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na mwanasheria wenu anaijua. Wapiga picha wa Kigoma na Tabora wananiuliza kila siku wanunue skana wapi. Mpaka sasa nimenyamaza.

Majibu yaje kwa maandishi. Simu ya yule kijana sitaipokea.

Mteja wenu,
Mwenye studio, Ujiji.