Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ushindani na Ukiritimba wa Maeneo

Ndugu wanachama,

Malalamiko mengi yaliyoifikia kamati mwaka huu yalihusu jambo moja. Mtoa huduma mdogo wa intaneti hukodi laini kwa bei ya jumla, kisha huikuta kampuni ileile iliyomkodisha ikiwauzia wakazi wa mtaa uleule intaneti kwa bei ya rejareja inayokaribia ile anayotozwa yeye. Hapo hata awe hodari vipi hafui dafu, kwa kuwa mpinzani wake ndiye mwenye nguzo, mifereji na waya unaoingia nyumbani kwa mteja. Na waya huo ukikatika, fundi anayesubiriwa ni wa mpinzani.

Marekani ilikwisha kuyaona haya. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilizilazimisha kampuni kongwe za simu kuwakodishia washindani sehemu za mitandao yao. Mwaka 2005 upepo uligeuka: mwezi Juni Mahakama ya Juu, katika kesi ya Brand X, iliridhia kwamba kampuni za televisheni ya kebo, ambazo nazo huuza intaneti, hazilazimiki kuwafungulia wengine mitandao yao, na mwezi Agosti mdhibiti wa mawasiliano, FCC, akaziondolea kampuni za simu wajibu kama huo kwa intaneti ya DSL, yaani ile inayopita kwenye waya za simu. Uingereza ilishika njia nyingine, kwani mwaka 2006 BT, kampuni kongwe ya simu ya nchi hiyo, ilianzisha Openreach, kitengo cha kuwauzia watoa huduma wote, BT yenyewe ikiwamo, matumizi ya mtandao kwa masharti sawa. Huo ndio utaratibu tunaoendelea kuudai.

Lipo pia jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza. Kamati ilipokea pendekezo kwamba tugawane maeneo, kila mmoja abaki na wateja wake, kwa hoja kwamba kuchimba mtaro wa pili kando ya barabara ileile ni kutupa fedha. Kuhusu gharama waliolileta hawakukosea, maana kwa kawaida kuchimba hula fedha nyingi kuliko faiba yenyewe, na mtaa wa nyumba chache haulipi mitandao miwili. Hata hivyo, washindani kupatana kugawana soko ni kosa kwa sheria za ushindani za nchi nyingi, na chama kinachoyabariki mapatano hayo kitamshtaki mkiritimba kwa uso gani? Pendekezo tulilikataa. Wanaotaka kupunguza gharama wachimbe kwa pamoja, kila mmoja apitishe faiba yake katika mtaro mmoja, kisha washindane kwa bei na huduma. Rasimu ya mkataba wa uchimbaji huo itawafikia kabla ya mkutano mkuu.